Sitini na Mfupa wa Ishango: Sifa za Namba na Nia ya Mchongaji

1. Utangulizi

Mwaka 1950, huko Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, mwanajiolojia wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye urefu wa sentimita 10 hivi. Ncha yake moja ilikuwa imebana kipande kikali cha jiwe, na ubavuni mwake mlikuwa na mikato iliyopangwa kwa makundi katika safu tatu. De Heinzelin alidhani kwamba mfupa huo ulichongwa kati ya mwaka 9000 na mwaka 6500 kabla ya Kristo. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1980 uliurudisha nyuma zaidi, na leo umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 20,000.

Tangu hapo mfupa wa Ishango umesomwa kama matini. Wako walioona ndani yake mchezo wa hesabu, wako walioona kalenda, na wako walioona ushahidi wa elimu ya namba iliyotangulia Misri na Ugiriki. Katika Kongo usomaji huu wa mwisho umependwa kuliko mingine, na sababu yake haifichiki: nchi iliyoambiwa kwa muda mrefu kwamba haina historia ya fikra imepata kitu cha kuonyesha.

Makundi ya mikato, kwa jinsi yalivyohesabiwa na wachambuzi wengi, ni haya. Safu ya kushoto ina 11, 13, 17 na 19. Safu ya katikati ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Safu ya kulia ina 11, 21, 19 na 9. Jumla ya safu ya katikati ni 48. Jumla ya safu ya kushoto ni 60, na ya safu ya kulia ni 60 vilevile. Namba hii 60, iliyojitokeza mara mbili, ndiyo iliyowavuta wasomaji wengi, kwa kuwa ni namba yenye sifa nyingi kupita kiasi. Makala haya yanachunguza sifa hizo, kisha yanapima tafsiri zilizojengwa juu yake. Swali linaloongoza uchunguzi ni moja: ni wakati gani sifa ya namba yaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa nia ya yule aliyeiandika?

Swali hili si geni kwa wahakiki wa fasihi. Mhakiki anayegundua maana katika shairi huulizwa kila mara kama maana hiyo imo katika maneno ya mtunzi au ameileta yeye mwenyewe mfukoni. Lakini katika matini ya namba swali ni zito zaidi. Maana ya neno hutolewa na watu wanaolisema. Sifa ya namba haitolewi na mtu yeyote. Anayechonga mikato 60 kwa kuhesabu siku za mvua, na anayechonga 60 kwa kukosa nafasi ya mkato wa 61, wote wawili wameandika namba inayogawanyika kwa 12. Mgawanyo huo uko pale, watake wasitake.

2. Utajiri wa sitini

Sitini inagawanyika bila baki kwa 1, 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20, 30 na kwa yenyewe. Hivyo ni vigawo 12, na hakuna namba iliyo chini yake yenye vigawo vingi kiasi hicho. Ni namba ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa kila moja ya namba sita za mwanzo. Kwa lugha ya vitabu vya shule vya Tanzania, ni kigawe kidogo cha shirika cha 1, 2, 3, 4, 5 na 6. Imekaa kati ya namba tasa mbili pacha, 59 na 61. Yenyewe ni jumla ya pacha wengine, 29 na 31. Tena ni jumla ya namba tasa nne zinazofuatana, yaani 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo makundi ya safu ya kushoto ya mfupa.

Utajiri wa vigawo ulizifaa jamii zilizohitaji kugawana nafaka, fedha na muda. Waandishi wa Mesopotamia walijenga mfumo mzima wa hesabu juu ya 60, na athari yake haijafutika: saa ina dakika 60, dakika ina sekunde 60. Anayegawa kitu kwa 60 anaweza kutoa nusu, theluthi, robo, sehemu ya tano, ya sita, ya kumi na ya kumi na mbili pasipo kubaki na kipande kinachosumbua.

Lakini utajiri huohuo ni hatari kwa mfasiri. Namba yenye vigawo 12 ni kama shahidi anayeitikia kila anachoulizwa mahakamani. Ukimwuliza kama alihesabu kwa kumi, atakubali. Ukimwuliza kama alihesabu kwa kumi na mbili, atakubali pia. Ishirini, tano, sita: zote atazikubali. Hakimu mwenye busara hamwamini shahidi wa namna hiyo, si kwa kuwa anasema uongo, bali kwa kuwa jibu lake lingekuwa lilelile hata kama tukio lingekuwa jingine.

Kiswahili chenyewe kinatoa mfano ulio wazi. Namba hii inaitwa sitini, kwa neno lililotoka katika Kiarabu. Katika Kiswahili cha bara husikika pia makumi sita. Mfanyabiashara wa nguo wa zamani aliyehesabu kwa korija, yaani kwa ishirini ishirini, angesema korija tatu. Muuza mayai anayehesabu kwa dazeni atasema dazeni tano. Majina yote manne yanataja idadi ileile, na kila jina lina njia yake ya kuhesabu. Sasa na mmoja wao achonge mikato 60 juu ya fimbo bila kuacha nafasi wala kusema neno. Mtu atakayeiokota fimbo hiyo baada ya miaka elfu hataweza kujua kama mwenye fimbo alihesabu kwa kumi, kwa korija au kwa dazeni. Njia ya kuhesabu imo katika jina na katika mpangilio wa mikato. Katika idadi yenyewe haimo.

3. Kumi na mbili na mwezi

Mfano huo unatosha kupima mojawapo ya tafsiri zinazojulikana. Mwaka 1999 Vladimir Pletser na Dirk Huylebrouck walitetea wazo kwamba mfupa wa Ishango una dalili za hesabu ya msingi wa 12. Jumla za safu zinaonekana kuwaunga mkono: 60 ni 12 mara tano, na 48 ni 12 mara nne. Wazo hilo haliwezi kutupwa kwa dharau, kwa sababu watetezi wake hawakuishia katika jumla. Walitafuta pia uhusiano kati ya makundi ya safu mbalimbali. Hata hivyo nguzo ya jumla ni dhaifu. Namba 60 na 48 zinagawanyika kwa 12, lakini zinagawanyika pia kwa 2, 3, 4 na 6. Anayechagua 12 kati ya hizo anapaswa kuonyesha kitu kingine katika mfupa kinachomlazimisha kuchagua hivyo.

Tafsiri ya pili ni ya Alexander Marshack, aliyeuchunguza mfupa kwa hadubini na kuuingiza katika kitabu chake cha mwaka 1972, The Roots of Civilization. Kwake mikato ni hesabu ya siku zilizofuata mabadiliko ya mwezi angani. Claudia Zaslavsky, mwandishi wa Africa Counts (1973), aliongeza baadaye kwamba ikiwa ni kalenda ya mwezi, basi huenda mwenye kuhesabu alikuwa mwanamke aliyefuatilia siku zake. Faida ya tafsiri hii ni kwamba inampa mchongaji sababu ya kuchonga. Mchezo wa namba hauhitajiwi na mtu yeyote. Kujua siku kunahitajiwa na wengi.

Lakini hapa pia 60 imeitikia kwa urahisi. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo miezi miwili ni siku 59. Sitini iko karibu, na anayehesabu kwa macho chini ya mawingu anaweza kukosea siku moja. Shida inaonekana mtu anapoendelea na safu ya tatu. Siku 48 si mwezi mmoja na nusu, ambao ni siku 44; wala si miwili. Mikato yote kwa pamoja ni 168, ilhali miezi sita ni siku 177. Ili kuziba pengo hilo, msomaji hulazimika kulegeza hesabu mahali hapa na kuikaza mahali pale. Tena makundi madogo ya safu ya katikati, 3 na 6, 4 na 8, yanapaswa kuelezwa kama vipindi vya mwezi, na hakuna kipindi cha mwezi kinachoongezeka mara mbili kwa utaratibu huo. Tafsiri inayoeleza jumla mbili na kushindwa na safu ya tatu haijasoma matini yote. Imesoma kurasa ilizozipenda.

4. Namba zinazoitwa tasa

Tafsiri iliyopata sifa kubwa kuliko zote ni ile ya namba tasa. Katika makala yake ya mwaka 1962, de Heinzelin alipendekeza kwamba mfupa ni aina ya mchezo wa hesabu uliobuniwa na watu waliohesabu kwa kumi, waliojua kuzidisha kwa mbili, na waliozijua namba tasa. Hoja ya mwisho inategemea safu ya kushoto. Makundi yake, 11, 13, 17 na 19, ni namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, hakuna iliyosahaulika, na zimepangwa kwa mfuatano wake.

Inafaa kulitazama kwanza neno lenyewe. Mwanafunzi wa Kongo anakutana na namba hizi darasani kwa Kifaransa, ambacho kinaziita namba za kwanza. Anapofungua kitabu cha Kiswahili anazikuta zinaitwa tasa, kama mwanamke au mnyama asiyezaa. Majina hayo mawili ni tafsiri mbili zinazopingana. Kifaransa kinaziona namba hizo kama mababu: kutokana nazo, kwa kuzidisha, zinapatikana namba nyingine zote, kama 60 inavyopatikana kwa 2 mara 2 mara 3 mara 5. Kiswahili kinaziona kama zisizotoa kitu zinapogawanywa. Kwa hoja ya kuzidisha, jina la Kiswahili linawaita wagumba wale ambao ndio wazazi wa ukoo mzima. Kwa hoja ya kugawanya, jina hilo ni sahihi. Hapa kuna jambo lenye maana kwa mfupa wa Ishango: namba tasa haionekani kuwa tasa mpaka mtu ajaribu kuigawanya. Utasa ni jibu la swali fulani, na asiyeuliza swali hilo hawezi kusemwa kuwa ameandika jibu lake.

Je, mtu wa Ishango aliweza kuuliza? Peter Rudman, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, alikana kabisa, kwa kuwa alifikiri kwamba dhana ya kugawanya ilichelewa mno kuzaliwa. Ukanaji huo nao umezidi kipimo. Mtoto mwenye kokoto 15 anaweza kuzipanga katika mistari mitatu ya tano tano. Akijaribu kwa kokoto 13, atashindwa, na atashangaa. Hahitaji maandishi wala jedwali ili kushangaa. Kwa hiyo haifai kusema kwamba jambo hilo haliwezekani. Lakini kuwezekana kwa jambo si ushahidi wa kutokea kwake.

Na ushahidi, ukipimwa, si mzito kama unavyosemwa. Kati ya 10 na 20 kuna namba witiri tano tu: 11, 13, 15, 17 na 19. Nne kati yake ni tasa. 15 peke yake si tasa. Mchongaji aliyeamua, kwa sababu yoyote ile, kuchonga namba witiri nne tofauti za eneo hilo alilazimika kuacha moja. Kama aliiacha kwa kubahatisha, nafasi ya kuiacha 15 ilikuwa moja kati ya tano. Hakuna mwamuzi ambaye angetoa hukumu ya jambo kubwa kwa bahati ya moja kati ya tano. Na safu ya kulia, ambayo inapaswa kuwa ndugu wa safu ya kushoto, ina 21 na 9. Namba hizo ni witiri, lakini si tasa.

5. Mtego wa mia na sitini na nane

Ili kuona jinsi hoja ya namna hii inavyoweza kumpoteza msomaji, yafaa kuipeleka mbele hatua chache.

Chukua vigawo vyote 12 vya 60 na kuvijumlisha: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20, 30 na 60. Jumla ni 168. Hiyo ndiyo idadi kamili ya mikato yote ya mfupa wa Ishango, yaani 48, 60 na 60. Sasa ondoa 60 yenyewe na kubakiza vigawo vilivyo chini yake. Jumla inakuwa 108, ambayo ni sawasawa na safu ya katikati na safu moja ya pembeni zikiwekwa pamoja.

Hayo si yote. Kati ya 1 na 1,000 kuna namba tasa 168. Tena 48 na 60 zinafuatana katika orodha ya namba ambazo kila moja ina vigawo vingi kuliko namba zote zilizo chini yake: 48 ina vigawo 10, na inayofuata katika orodha ni 60. Namba za orodha hiyo zilichunguzwa kwa upana na mwanahisabati wa Kihindi Srinivasa Ramanujan katika makala yake ya mwaka 1915. Mwenye hamu ya kustaajabu anaweza kutangaza kwamba mvuvi wa ziwa Edward alimtangulia Ramanujan kwa zaidi ya miaka 20,000, na kwamba aliweka jumla ya vigawo vya 60 juu ya mfupa mmoja kama mtu anavyoweka muhuri. Akipenda kuendelea, atakumbusha kwamba juma lina saa 168.

Msomaji makini hatakubali hata moja kati ya hayo, na atakuwa na haki. Lakini na ajiulize kwa nini amekataa. Hesabu zote ni za kweli. Kila mtu anaweza kuzirudia kwa karatasi na kalamu. Tena kulingana kwa jumla ya vigawo na idadi ya mikato yote ni kwa ajabu zaidi kuliko kuonekana kwa namba tasa nne, kwa kuwa kunahusu mfupa mzima na si safu moja. Umbo la hoja ni lilelile: idadi inachukuliwa, sifa yake inatafutwa, sifa inapatikana, kisha inapewa mchongaji kana kwamba ni mali yake. Hoja ya saa za juma inamchekesha msomaji kwa sababu tu sifa iliyotajwa iko mbali mno na ziwa Edward. Hoja ya namba tasa haimchekeshi kwa sababu ni ya kupendeza, na kwa sababu inasifu watu waliostahili kusifiwa. Penye nia ya kuona, namba haikosi kutoa njia.

6. Yale yaliyomo katika mikato

Hata hivyo uhakiki unaoishia katika kukanusha haujamaliza kazi yake. Kuna njia ya kutofautisha sifa ya namba na nia ya mchongaji, nayo inafanana na ile inayotumiwa katika uhakiki wa matini. Kwanza, sifa inayodaiwa ionekane katika namna ya kuchonga: nafasi kati ya makundi, mfuatano, ukaribu, marudio. Mambo hayo hayatolewi na namba. Yanatolewa na mkono. Pili, tafsiri ieleze makundi yote ya safu, isiyachague. Tatu, pasiwe na maelezo mepesi zaidi yanayofikia matokeo yaleyale.

Kwa vipimo hivyo, safu ya katikati inasema jambo. Kundi la 3 na kundi la 6 yako karibu. Baada ya nafasi yanafuata 4 na 8, nayo yako karibu. Kisha inakuja 10 pamoja na tano mbili. Aliyechonga aliweka kando kwa kando kila idadi na maradufu yake, na nafasi aliyoiacha ndiyo ushahidi. Hiyo si sifa ya 48. Mtu angeweza kupata 48 kwa njia nyingine nyingi zisizokuwa na maradufu yoyote. Saba ya mwisho inabaki bila mwenzake, na mkweli ataiacha ibaki hivyo badala ya kuitafutia ndoa ya lazima.

Safu ya kulia inasema pia. Makundi yake yanaweza kusomwa kuwa kumi na moja zaidi, ishirini na moja zaidi, ishirini kasoro moja, kumi kasoro moja, kama alivyoona de Heinzelin mwenyewe. Mfuatano unaunga mkono usomaji huo, maana nyongeza mbili zimetangulia na pungufu mbili zimefuata. Hakuna kundi lililoachwa nje.

Hapo ndipo jambo lisilosemwa sana linapojitokeza kuhusu 60. Mtu akichukua kumi na ishirini, akaziongezea moja moja, kisha akazipunguza moja moja, jumla itakuwa 60 hata kama hakuikusudia. Nyongeza na pungufu zinafutana, na kinachobaki ni 10, 20, 20 na 10. Katika safu ya kushoto, 11 na 19 ni 30, na 13 na 17 ni 30. Makundi yote manne yamelizunguka 15 pande zote mbili kwa umbali ulio sawa: mbili chini na mbili juu, nne chini na nne juu. Katika safu ya kulia pia kitovu ni 15, kwa kuwa 9 na 21 ni 30, na 11 na 19 ni 30. Namba 15 haikuchongwa mahali popote, na ndiyo ile moja iliyokosekana kati ya witiri tano za safu ya kushoto.

Kwa usomaji huu, usawa wa jumla mbili za 60 hauhitaji mtu aliyehesabu mpaka 60. Unahitaji mtu aliyelinganisha makundi: hili limezidi, lile limepungua kwa kiasi kilekile. Sitini inakuwa kivuli cha ulinganifu huo. Na sifa zote zilizotajwa, vigawo 12, pacha 59 na 61, jumla ya namba tasa nne, ni mali ya kivuli. Usomaji huu nao hauna kinga dhidi ya vipimo vilivyotolewa. Ubora wake ni mmoja: unadai kidogo kuliko mingine. Haumtaki mchongaji ajue kugawanya, wala ajue mwendo wa mwezi, wala awe na jina la 12. Unamtaka ajue kuoanisha makundi na kutambua zaidi na pungufu.

Wengine wataona kwamba kudai kidogo ni kumpunguzia mchongaji heshima yake, na kwamba ni kuirudia njia ya wale waliowanyima Waafrika kila fikra. Malalamiko hayo yana uzito na hayapaswi kupuuzwa. Lakini sifa iliyojengwa juu ya bahati ya moja kati ya tano huanguka mara inapokutana na mpinzani anayejua kuhesabu, na ikianguka inaangusha pamoja nayo hata yale yaliyokuwa ya kweli. Mtu aliyeweza, miaka zaidi ya 20,000 iliyopita, kuweka idadi na maradufu yake upande mmoja wa mfupa, na ulinganifu wa makundi katika pande nyingine mbili, amefanya kazi ya akili isiyohitaji kupambwa. Maradufu hayo mtu anaweza kuyaonyesha kwa kidole.

7. Jedwali na mfupa

Linabaki jambo la mahali. Mfupa wa Ishango uko Brussels, katika taasisi ya kifalme ya sayansi asilia ya Ubelgiji. Kwa hiyo msomaji wa Kongo mara nyingi hausomi mfupa, anasoma jedwali. Anapewa safu tatu za tarakimu, na tarakimu hizo ni tafsiri tayari. Anayeandika 13 mahali palipokuwa na mikato kumi na mitatu ametupa urefu wa kila mkato, kina chake, mwinamo wake, na nafasi iliyoachwa kabla na baada yake. Amebakiza idadi tu. Na idadi ikiwa peke yake haina chochote isipokuwa sifa za namba. Si ajabu basi kwamba usomaji unaopendwa zaidi mbali na mfupa ni ule unaotegemea sifa hizo: vitu vingine vyote vya kutegemea vimebaki ndani ya kabati la kioo. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Mchongaji hayupo kujieleza, na msomaji wa Ishango, wa Butembo au wa Lubumbashi hayupo mbele ya mikato.

Olivier Keller aliwahi kuonya dhidi ya kuutia utamaduni wa leo ndani ya mfupa huu. Onyo lake ni la haki, ila linahitaji kukamilishwa. Utamaduni wa leo huingia kwa wepesi zaidi pale ambapo kitu chenyewe kimeondolewa na tarakimu zake zimeachwa. Dawa yake si kuacha kusoma. Dawa ni kurudisha katika mikono ya wasomaji yale yaliyopotea katika jedwali: mchoro wenye vipimo, nakala ya mfupa inayoweza kushikwa, na maelezo ya Kiswahili ya kila mkato, mmoja baada ya mwingine, yakitaja mkato ulio mrefu na ulio mfupi, ulionyooka na ulioinama, uliokaribiana na jirani yake na uliotengwa. Maelezo hayo yakiwa tayari, mwanafunzi wa hisabati na mwanafunzi wa fasihi wataweza kuketi mbele ya matini moja, na kila mmoja kumwonyesha mwenziwe ni wapi namba inasema na ni wapi mkono unasema.